Yah: Malalamiko kuhusu fomu ya kujitolea isiyosomeka kwa sisi tusioona

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha nukta nundu kwa miaka 26, na mwenyewe sioni tangu utotoni. Wiki iliyopita nilisikia redioni kwamba mnatafuta watu wa kujitolea kuwafundisha watoto jioni, wakiwemo wasioona. Nilifurahi mno, maana hiyo ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote.

Nikafungua tovuti yenu kwenye kompyuta yangu yenye NVDA, programu ya bure inayonisomea skrini kwa sauti. Ukurasa wa kwanza haukunisumbua. Kwenye fomu ya kujitolea ndipo nilipokwama. Kila nilipobonyeza kitufe cha Tab kuhamia nafasi inayofuata, nilisikia tu kwamba hapa ni pa kuandika na pako patupu. Kama ni pa jina au pa simu, sikuambiwa. Nikawa nabahatisha. Tarehe ya kuzaliwa haikubali kuandikwa, inataka kalenda ibofywe kwa kipanya, nami kipanya situmii kwa kuwa mshale siuoni. Mwishoni nikatakiwa kuchagua picha zenye taa za barabarani ili nithibitishe kuwa mimi si roboti, na njia ya sauti haikuwepo. Ningali nahangaika, muda ukaisha na yote niliyoandika yakafutika.

Nikawapigia simu. Kijana aliyepokea alikuwa mpole, sina ugomvi naye, ila jibu lake lilikuwa: "Mzee, tafuta mtu anayeona akujazie." Yaani nimpe mtu mwingine kitambulisho changu na neno langu la siri, ndipo nikubaliwe kufanya kazi ya bure.

Lililoniuma zaidi niligundua usiku huo. Katika tovuti hiyohiyo kuna fomu ya kuomba msaada. Niliijaribu, ikasomeka mwanzo hadi mwisho: kila nafasi imetajwa jina, tarehe inaandikwa kwa kibodi, picha za kuchagua hakuna. Kwa hiyo mafundi wenu wanajua kutengeneza ukurasa unaotufaa. Walipoitengeneza ile ya kuomba, walitukumbuka. Walipoitengeneza ya kutoa, haikuwajia kwamba asiyeona naye ana cha kutoa.

Miongozo ya W3C, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya tovuti, inayoitwa WCAG, tangu toleo la 2.0 la mwaka 2008, inataka kila sehemu ya fomu iwe na jina ambalo programu inaweza kulisoma, na kila kitu kiwezekane kwa kibodi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inaitaja intaneti waziwazi. Mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Sidai jambo geni.

Naomba fomu hiyo irekebishwe ifanane na ile ya kuomba msaada, muda wa kujaza uongezwe, na kabla ya kuirudisha hewani mwiteni mtu asiyeona aijaribu mbele ya mafundi. Nipo tayari kuja mwenyewe, nauli nitajilipia. Naomba pia majibu kwa maandishi ndani ya siku 14, yaje kama ujumbe wa kawaida, si karatasi iliyopigwa picha, kwani picha siwezi kuisoma.

Ikishasomeka, nijulisheni. Nitaijaza mwenyewe.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Morogoro