Kutoka London hadi New York: kwa nini saa 6 zako zimekuwa 8

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia safari imeiva. Unasema umechukua umbali wa London hadi New York, kilomita 5,540 hivi, ukagawanya kwa mwendo wa ndege wa kilomita 900 kwa saa, ukapata saa 6 na dakika chache. Tiketi nayo inasema utaondoka saa tano asubuhi na kufika saa nane mchana, siku hiyohiyo.

Tiketi iko sawa. Kila saa iliyoandikwa pale ni ya mji husika. New York iko nyuma ya London kwa saa 5, kwa hiyo utakapotua saa nane mchana, London itakuwa saa moja jioni. Jumla ni saa 8. (Ukisafiri mwezi wa Machi, tazama tarehe vizuri: Marekani husogeza saa zao mbele kabla ya Uingereza, na kwa wiki mbili tatu tofauti huwa saa 4 tu.)

Sasa hizo 8 zimetoka wapi? Sehemu ni ya ardhini, maana muda huhesabiwa tangu ndege inapoondoka getini hadi inaposimama kwenye geti la upande wa pili, foleni ya kuruka ikiwemo. Zilizobaki zinaliwa na upepo. Huko juu, kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Unatokana na hewa baridi ya kaskazini kukutana na hewa ya joto ya kusini, na majira ya baridi ndipo unapokuwa na nguvu zaidi. Wewe utakuwa unaukabili. Upepo wa mbele ukiwa kilomita 100 kwa saa, ile 900 yako inabaki 800. Wakati wa kurudi upepo uleule unakusukuma, unapata 1,000. Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London chini ya saa 5!

Marubani wanaujua mkondo huo. Wanaokwenda magharibi huukwepa, mara nyingi kwa kupita kaskazini zaidi, na wanaorudi huufuata. Kwa hiyo hata kilomita utakazosafiri hasa hupita zile 5,540, na kila siku njia hubadilika. Na kuhusu swali lako kama mzunguko wa dunia ndio unaorefusha safari, hapana, hauhusiki moja kwa moja: hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani yake.

Kinachonitia wasiwasi kweli ni ile ndege yako ya kuunganisha ya saa tisa na nusu. Ukiingia Marekani, uhamiaji unapitia pale pale unapotua kwanza. Kisha unachukua mizigo yako, unapita forodha, unaikabidhi upya, na ukaguzi wa usalama unaanza tena. Saa moja na nusu haitoshi, hasa upepo ukiwa mkali siku hiyo. Nakusihi, waombe wenye ndege wakubadilishie kabla hujafunga mizigo, upate angalau saa 3. Ukishapata jibu lao niandikie mara moja, nami niache kuhesabu.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako akupendaye