Mawe ya Amboni bado yanakua, tusiyachore

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na watu wa Tanga, na wageni wanaotujia, juu ya mapango ya Amboni. Mimi ni fundi mwashi niliyestaafu, chokaa na saruji vimenila vidole. Kwa hiyo nitasema ya mawe. Ya viingilio na mapato wapo wanaoyajua kuniliko.

Likizo iliyopita nilimpeleka mjukuu wangu. Si mbali, kama kilomita nane kutoka mjini kwa barabara ya Horohoro, kisha unakata kuelekea Kiomoni, na bodaboda hazikosekani. Tulipewa mwongozaji, kijana mwenye ulimi mtamu. Akawa anamulika tochi: hili kochi, ile meli, yule mamba. Akatusimulia Osale Otango na Paulo Hamisi walivyojificha humo miaka ya 1950 wakisakwa na mkoloni. Akafika kwa Mzungu aliyepotelea pangoni na mbwa wake, mbwa akaja kuonekana Kilimanjaro. Mjukuu wangu akaniuliza, “Babu, alikula nini njiani?” Swali zuri. Wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliopima mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote lina mita 900 tu. Lakini sitaki hadithi ifutwe, maana Tanga bila chumvi kidogo si Tanga.

Kilichoniuma ni kuta. Majina ya wapenzi, majina ya shule, mpaka namba za simu, mengine yamekwanguliwa kwa msumari. Mbele yetu kijana mmoja alilining'inia jiwe la darini kwa mikono miwili ili apigwe picha, na wenzake wakashangilia. Nadhani hakuwa na nia mbaya. Kwake jiwe ni jiwe, limekwisha tangu lilipoumbwa.

Halijaisha. Mwashi yeyote ameona slabu ya zege iliyovuja muda mrefu: chini yake huota vijipembe vyeupe vya chokaa. Amboni nako ni maji na chokaa, ila maji yenyewe yanaanzia msituni. Mvua inapopita kwenye udongo wenye mizizi na majani yaliyooza hubeba hewa ya ukaa, ikawa na ukali kidogo. Ukali huo ndio unaolila jiwe la chokaa taratibu, ukapanua nyufa zikawa vyumba. Tone likifika kwenye dari ya pango, ile hewa hulitoka, na chokaa iliyoyeyuka hubaki pale, utando mwembamba usioonekana kwa jicho. Linakuja tone jingine, na jingine. Kwa kawaida jiwe la namna hii halikui hata milimita moja kwa mwaka. Sasa wewe ulishike kwa kiganja chenye jasho na mafuta: tone linateleza, chokaa haishiki tena vizuri, na weupe unageuka uchafu. Anayelivunja ameondoka na karne kadhaa mfukoni.

Jambo hili mwongozaji wetu hakuligusa, na simlaumu, labda wageni hawamuulizi. Alisema tu kwamba pango lina miaka milioni 150. Hapo nami nina neno. Umri huo ni wa jiwe, lililojengeka chini ya bahari zama za mijusi wakubwa. Shimo lilikuja baadaye sana. Jengo na mlango uliotobolewa ukutani havina umri mmoja. Na jiwe la chokaa hilohilo la Tanga ndilo linalosagwa na kuchomwa kuwa saruji kule Pongwe, kwa hiyo nyumba nyingi za mji huu zina bahari ile ndani ya kuta zake. Mjukuu wangu alilipenda hili kuliko mbwa.

Pango lina Mzimu wa Mabavu, ambako watu huja kuomba, wengi wao wakitafuta mtoto. Sina la kusema hapo zaidi ya kuomba adabu. Waliokuja na ubani wao wasipigwe picha.

Ombi langu ni kwa wanaoyasimamia, ambao sasa ni Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro baada ya Idara ya Mambo ya Kale iliyoyatunza tangu 1963. Kabla mgeni hajainama kuingia, aelezwe jiwe linavyoota na kwa nini mkono ukae mfukoni. Dakika mbili zinatosha. Na akishatoka, asirudishwe kwenye gari mbio. Watu wengi hutoka, hupangusa suruali, wakaondoka, wakati msitu uko palepale na mto Mkulumuzi unapita chini. Bila ule msitu juu ya jabali, yale maji yenye ukali hayapatikani, na darini kunakauka. Wanaokata kuni na kuchoma mkaa kandokando waelezwe hivyo pia, kwa lugha ya jirani, si ya askari.

Kwa msomaji atakayekwenda: vaa viatu vyenye meno, kandambili zitakuumbua kwenye utelezi, na mwenye magonjwa ya pumzi ajipime, kuna mahali pa kutambaa. Nenda alasiri, umalize pango taratibu, kisha ungoje nje magharibi iingie. Popo watatoka kwa maelfu kwenda kula, wengine wadudu, wengine matunda na maua. Maua ya mibuyu yetu hufunguka usiku kwa ajili yao. Muombe mwenye bodaboda akusubiri, na bei ya kurudi mkubaliane kabla hamjaondoka mjini.

Fundi mwashi mstaafu,
Makorora, Tanga