Kompyuta za ofisi zichunguzwe kabla ya kununuliwa mpya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tabia iliyoota mizizi katika ofisi nyingi, za umma na za binafsi, ya kuitangaza kompyuta kuwa imechoka mara tu inapoanza kuganda na feni yake kuvuma, ilhali hakuna aliyeangalia ni programu gani inayomaliza nguvu za prosesa, yaani ubongo wa kompyuta unaofanya hesabu zake zote. Huitwa fundi, akapiga Windows upya, hali ikarejea ile ile baada ya siku chache, kisha likaandikwa dokezo la kuomba fedha za mashine mpya. Ikija, hiyo nayo hufunguliwa faili lile lile.

Uchunguzi wa awali hauhitaji utaalamu. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufunguka Task Manager, dirisha linaloorodhesha programu zinazofanya kazi, na ukibofya kichwa cha safu ya CPU (yaani prosesa), programu inayotumia prosesa kuliko zote hupanda juu ya orodha. Mafundi wengi huishia njiani hapo hapo: wakiona Excel, programu ya majedwali ya hesabu, imeandikiwa asilimia 25 husema prosesa bado ina nafasi, kumbe kwenye prosesa yenye viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi sambamba, asilimia hiyo huweza kuwa ni kiini kimoja kilichojaa pomoni, na makro za Excel, yaani amri zilizoandikwa zijiendeshe zenyewe, hutumia kiini kimoja tu kwa wakati mmoja.

Katika ofisi za uhasibu, mara nyingi mkosaji ni faili lenyewe la Excel. Chukua orodha ya wadaiwa ambayo kila mstari wake una fomula ya TODAY, inayoleta tarehe ya leo, ya kuhesabu siku za kuchelewa kulipa. Fomula hiyo, kama zilivyo NOW, OFFSET na INDIRECT, hukokotolewa upya kila inapobadilishwa seli yoyote, hata isiyohusiana nayo. Kwa hiyo mhasibu akiandika kiasi kimoja tu, maelfu ya mistari hupigiwa hesabu upya, naye hubaki akitazama asilimia zikipanda polepole kwenye kona ya chini ya dirisha. Kuiacha TODAY katika seli moja na kuzielekeza nyingine huko hakusaidii sana, kwa kuwa zote zinazoitegemea huamshwa pamoja nayo. Dawa ni kuandika tarehe kwa mkono katika seli moja kila asubuhi, kazi ya sekunde chache.

Wapo wanaoshauri ukokotoaji wote uwe wa mkono, wa kubonyeza F9 kila hesabu zinapotakiwa kupigwa upya. Siuungi mkono ushauri huo katika ofisi inayoshika fedha za watu, kwa sababu mpangilio huo huyafuata na mafaili mengine yanayofunguliwa baada ya lile la kwanza, na haitachukua muda mtu atachapa taarifa yenye jumla za jana.

Faili likionekana halina kasoro, Excel au Word ifunguliwe huku Ctrl ikiwa imeshikiliwa, na swali la kuingia katika hali salama, yaani kufunguka bila nyongeza, likubaliwe. Prosesa ikitulia hapo, inayoshukiwa zaidi ni programu ndogo za nyongeza zilizopachikwa, ambazo huzimwa moja baada ya nyingine hadi yenye kosa ijulikane.

Sikatai kwamba zipo mashine zinazostahili kustaafishwa. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Hiyo ni hoja ya usalama na iandikwe hivyo kwenye dokezo, isichanganywe na malalamiko kwamba kompyuta ni nzito.

Ninachopendekeza ni kwamba kila ombi la kubadilisha kompyuta kwa sababu ya uzito liambatishwe picha ya Task Manager iliyopigwa wakati mashine imeganda, jina na ukubwa wa faili lililokuwa wazi, na matokeo ya jaribio la hali salama, na kwamba bodi ya zabuni ilirudishe ombi lolote lisilo na viambatisho hivyo.

Msomaji wenu,
Morogoro