Barua kwa mwanangu: kula umekaa

Tukuyu, Jumapili jioni

Mwanangu Atupele,

Habari nimezipata kwa mdogo wako, si kwako: kwamba Jumatano ulianguka kazini, wakakukimbiza hospitali, na daktari hakukuta malaria wala nini, ila tumbo tupu na mwili usiolala. Tumbo tupu, mtoto wa Rungwe! Huku ndizi zinatuivia migombani hadi tunawapa ng'ombe. Nilikasirika, kisha nikaogopa, na hadi leo naogopa.

Nikikupigia nikakuuliza umekula, unasema "nimekula baba," na nyuma yako nasikia vidole vinagonga kompyuta. Nikikuuliza umekula nini, unanyamaza kidogo. Mtu aliyekula hanyamazi, mama.

Sikukatazi kazi. Siku nilipowaambia wenzangu kwenye kituo cha kupimia chai kwamba binti yangu ndiye anayekagua hesabu za kampuni nzima, karani aliacha mzani akanipa mkono. Najivunia wewe kuliko unavyojua. Lakini kula umekaa. Simu iache chumbani, kaa, sahani iwe mbele yako, kula.

Wiki hii nachuma chai mwenyewe, mchumaji wetu ameuguliwa na mtoto. Saa moja asubuhi naingia shambani, ukungu umelala, umande unalowesha suruali hadi magotini. Majani mawili na chipukizi, hilo sikufundishi. Ila nimeligundua jambo uzeeni huku. Siku mawazo yangu yakiwa kwenye bei ya mbolea, mkono unajichumia majani magumu, na jioni karani anayatupa pembeni. Siku nikilitazama chipukizi lenyewe, lilivyojisokota, na vile vinyweleo vyeupe vinavyong'aa likiwa bado bichi, kikapu kinajaa sijui saa ngapi na mgongo hauniumi kama jana yake. Alhamisi nilimaliza mistari mitatu nikajikuta natabasamu peke yangu. Hakuna aliyenipa kitu. Ilikuwa chai tu, na harufu yake, na mikono yangu.

Bibi yako alilijua hili siku zote. Akichambua maharage anazima redio. Ukimwuliza kwa nini, anasema, "Nachambua maharage."

Mimi nilichelewa. Unajua nilivyokuwa nikibeba viazi vya Matamba. Miaka saba nimepanda na kushuka zile kona 57 za kutoka Chimala, na huko juu ndiko Kitulo, ambako tangu 2005 ni hifadhi ya taifa, watu wanavuka bahari kuja kuona maua. Okidi peke yake zipo zaidi ya aina 40. Mwanangu, sikuwahi kushuka garini. Nilichokiona ni tope na saa ya mkononi. Nilikula mkate huku naendesha, ripoti zako za shule nilizisaini juu ya usukani, na vidonda vya tumbo unajua vilianzia wapi. Mama yako alikuwa akinisimulia mambo yenu, mimi naitikia "ehe," na leo akinikumbusha mengi nayasikia kama mapya. Likizo ya Januari ukija, twende Kitulo. Wakati huo maua yapo. Nitalipa mimi.

Na usingizi, kwa kuwa daktari kautaja. Usilale na simu mkononi. Hilo halina maelezo.

Najua utaniambia Dar si Tukuyu, foleni, bosi, kodi. Sawa. Lakini maji ya kuoga yanamwagika mwilini mwako kila siku, yasikie. Chai unakunywa, inuse kwanza, huenda jani lake lilipita kwenye kikapu changu. Jioni mbili kwa wiki pika mwenyewe, usinunue vya barabarani. Menya ndizi polepole, paka mafuta mikononi utomvu usikushike, sikiliza sufuria inavyochemka. Halafu, nasema tena, kaa ule.

Bati la jikoni bado linavuja, tumeweka ndoo. Usitume hela ya bati, nimekukataza, tuma picha ya sahani yako. Mchango wa harusi ya jirani nimeutoa kwa jina lako pia, elfu ishirini. Mama yako mguu umepoa, anatembea hadi kanisani, ila hajui kwamba ulianguka. Mwambie mwenyewe kabla mdogo wako hajaropoka.

Kesho nakuwekea boksi kwenye basi, utalipokea stendi ya Magufuli, Mbezi. Kuna mchele wa Kyela kilo tano, magimbi, ndizi, na maparachichi 12. Maparachichi ni magumu bado. Yafunge kwenye gazeti pamoja na ndizi moja mbivu, kila asubuhi bonyeza karibu na kikonyo. Pakianza kubonyea, kata, weka chumvi kidogo, kula siku hiyo hiyo. Sweta la bluu limo humo, najua Dar ni joto, mama yako amelazimisha.

Ng'ombe kazaa Ijumaa, jike, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Bibi yako amesema tusimpe jina mpaka umwone, hata kwenye simu. Piga Jumapili ijayo saa kumi, tutakuwa zizini.

Baba yako