Barua kwa Mama Salma kuhusu zile hisa

Jinja, Jumapili jioni

Kwako Mama Salma,

Salaam nyingi. Huku tu wazima, ila mdogo ana mafua ya mvua hizi. Natumai Arua mko salama.

Wiki mbili nimekuwa nikiahirisha kukuandikia. Mimi ndiye niliyekushawishi ununue zile hisa, na nisingependa usikie habari hizi kwa mtu mwingine. Tulinunua kwa shilingi 150 kila moja. Ijumaa zilifunga kwa 96. Hisa zangu 8,000 nilizolipia 1,200,000 leo thamani yake ni 768,000. Zako 3,000 zimeshuka kutoka 450,000 hadi 288,000. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi usiku, haibadiliki.

Jumatano nilifunga duka, nikapanda taksi hadi Kampala kwa dalali wetu wa hisa. Kijana wa pale alinigeuzia skrini nijionee. Upande wa wauzaji oda za kuuza zilijaa mpaka chini. Upande wa wanunuzi palikuwa na mstari mmoja tu: hisa 500, kwa 90. Nilikaa nikiutazama ule mstari. Kumbe hiyo 96 ninayoiona kwenye simu ni bei ya mauzo ya mwisho tu, hakuna anayeningoja nayo mkononi. Kushuka kwa bei kulinihuzunisha, lakini hili la kukosa mnunuzi ndilo lililonitisha.

Nilimuuliza sababu. Akasema wawekezaji wakubwa wanatoa pesa zao, na katika soko dogo kama letu muuzaji mmoja mkubwa anatosha kuivuta bei chini. Tena hati fungani za serikali za miaka mingi, yaani pesa unazoikopesha serikali, zimekuwa zikilipa riba ya zaidi ya asilimia 15, na mtu anaweza kuanza na 100,000. Nani atahangaika na hisa? Hilo nimelielewa. Nisilolielewa ni gawio, ile sehemu ya faida wanayotugawia. Mwaka jana tulipata shilingi 6 kwa hisa, mwaka huu 3.50, nazo hesabu za kampuni zinaonyesha faida. Mimi baada ya kodi ya asilimia 10 nimebaki na 25,200. Mwaka jana ilikuwa 43,200. Pesa iliyobaki imekwenda wapi, hawajatueleza sisi wadogo.

Baba watoto ananituliza kwa habari za hisa za Safaricom, ile kampuni ya simu ya Kenya: ziliuzwa kwa shilingi 5 za Kenya mwaka 2008, zikashuka chini ya 3, halafu mwaka 2021 zikapita 40. Ni kweli, lakini kupanda kwa ile si ahadi kwa hii yetu. Na kushuka kwa hisa za Umeme, ile kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme, kulikuwa na sababu iliyojulikana na wote, mkataba wake wa miaka 20 ulioisha tarehe 31 Machi 2025. Yetu haina tarehe yoyote ya kuogopa. Ndiyo maana sijaamua kuuza. Kwanza nataka kusikia wakurugenzi watasema nini kwenye mkutano mkuu wa wanahisa. Swali langu la gawio nimeshaliandika, nitalituma kabla ya siku yenyewe. Kura 8,000 ni tone baharini, lakini mwanahisa ana haki ya kuuliza, nami nitauliza.

Sasa wewe. Najua ile pesa uliiweka kwa ajili ya karo ya Salma, anaingia Senior One mwezi wa pili. Ukiona lazima uuze, tafadhali usimwambie dalali auze kwa bei yoyote ile. Mwandikie bei ya chini unayoikubali, na uuze kidogo kidogo, labda 1,000 kwanza. Ukizimwaga zote 3,000 siku moja utaangukia ule mstari wa 90, au chini yake.

Ila ningeomba ungoje kidogo. Kikundi chetu cha akiba kinagawana Desemba, na katika fungu langu 200,000 nimeshaziweka kando kwa jina la Salma. Utanirudishia hisa zikipanda, au ukivuna, au pole pole. Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi huu, nijue kama nizitume kwa simu au nimpe shemeji akija Jinja.

Wasalimie wote, na Salma mwambie shangazi anamwombea mtihani.

Mimi nduguyo,
Mama Twaha