Mwenye nyumba, nondo zimekaa wapi?

Ndugu Mhariri,

Mtaani kwetu hapa Tanga mtu akijenga ghorofa hujisifia nondo. "Nimeweka za milimita 16, tena nyingi!" Nimefunga nondo miaka mingi, na ni nadra kumsikia mwenye nyumba akiuliza zimekaa wapi.

Zege likibanwa lina nguvu. Likivutwa ni dhaifu, nguvu yake hubaki kama sehemu moja ya kumi tu. Slabu iliyolala juu ya kuta mbili ikielemewa, upande wa chini ndio unaovutwa, na huko ndiko nondo zinakotakiwa. Roshani ni kinyume chake: imeshikwa upande mmoja, kwingine inaning'inia, kwa hiyo kunakovutwa ni juu.

Hapo ndipo tunapoharibu. Nondo za juu zinafungwa vizuri, kisha siku ya kumwaga zege vibarua wanazikanyaga na matoroli yao, zinalala. Niliwahi kuitwa kubomoa roshani ya unene wa sentimita 15 iliyopasuka karibu na ukuta. Nondo zilitakiwa ziwe sentimita 12 kutoka chini; tulizikuta katikati, saba na nusu. Zaidi ya theluthi ya uwezo wake ilikuwa imepotea, na hakuna nondo hata moja iliyoibwa! Msimamizi alilaumu saruji.

Kujaza nondo hovyo nako si dawa. Bimu ikizidishiwa chuma, zege la juu ndilo husagika kwanza, tena ghafla. Chuma kikiwa cha kipimo huanza kuvutika chenyewe, nyufa zikaonekana, watu wakawahi kutoka.

Sisi wa pwani tuna na chumvi. Nondo iliyolalia mbao za chini, zile zinazoshikilia zege likiwa bichi, haifunikwi na zege. Ikipata kutu huvimba na kulibandua zege lote la chini. Biskuti za kuinulia nondo fundi huzitengeneza mwenyewe kwa saruji na mchanga, lakini utakuta watu wanaegesha vipande vya matofali.

Wenye nyumba, siku ya kumwaga zege msiende kuhesabu mifuko ya saruji tu. Nendeni na futi, mpime nondo za roshani kabla zege halijamwagwa na mpime tena linapomwagwa. Na vibarua watandikiwe mbao za kupita.

Fundi nondo,
Tanga