Tununue protini, tusinunue maji

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno na wenzangu wa Kanda ya Ziwa tunaonenepesha ng'ombe wa nyama, pamoja na wale wanaotuuzia chakula chao. Kazi yangu ni kununua maksai waliokonda mnadani, kuwafungia zizini kwa miezi mitatu, kisha kuwauza wakiwa na nyama. Ukiacha bei ya ng'ombe mwenyewe, hakuna kinachomaliza mtaji kama chakula, na katika chakula hicho protini ndiyo ghali zaidi. Hata hivyo tunainunua kwa debe, kwa gunia na kwa lori, bila kuuliza mna protini kiasi gani ndani yake.

Chukua machicha ya bia. Kiwandani, wanga wa shayiri iliyooteshwa hugeuka sukari na kuondoka na maji yanayokwenda kuchachushwa, na kinachobaki ni maganda, mafuta kidogo na protini. Ndiyo sababu nafaka iliyoingia na protini ya asilimia 11 hivi huacha machicha ambayo, yakikaushwa, hufikia asilimia 25. Muuzaji huitaja asilimia hiyo, naye hasemi uongo, ila hataji kwamba machicha mabichi yanaposhushwa karibu asilimia 78 ya uzito wake ni maji. Maana yake, katika tani moja unapata kilo 220 tu za chakula kikavu, na ndani yake protini kilo 55. Tani ya mashudu ya pamba yaliyokamuliwa pamoja na sehemu ya maganda, yenye protini ya robo ya uzito wake mkavu, hukupa zaidi ya kilo 220. Kwa hiyo kama mashudu yanauzwa shilingi 800 kwa kilo, machicha mabichi yakizidi shilingi 200 pamoja na nauli, mfugaji amepunjwa. Hata pumba za mahindi, ambazo wengi wetu tunazidharau kuwa ni za kujazia tumbo, zina protini karibu kilo 90 kwa tani, kwa sababu ni kavu.

Sisemi haya ili kuyakataa machicha. Sehemu kubwa ya protini yake hupita tumbo la kwanza bila kuvunjwa na vijidudu, ikaenda kumfaa ng'ombe mbele zaidi, na kwa kuwa wanga wake umekwisha kuondolewa, hayaleti tindikali tumboni kama mahindi yaliyoparazwa yanapozidi. Ukiyachanganya na pumba, molasi na nyasi kavu hadi mchanganyiko mzima ufike protini ya asilimia 12 hivi, maksai hula vizuri na kujaa. Mwenye zizi karibu na kiwanda ana bahati kubwa. Aliye mbali anapaswa kupiga hesabu upya, kwa kuwa kila safari analipia mafuta ya kusafirisha maji.

Tena kwa joto letu machicha mabichi huanza kuota ukungu baada ya siku chache, na ukungu huo unaweza kuwa na sumu. Usipoweza kuyamaliza upesi, yashindilie shimoni au kwenye pipa na kuyafunika kwa nailoni hewa isipite.

Jambo jingine nililifahamu kwa hasara. Mwaka jana, katika wiki ya kumi, maksai wangu wawili walishindwa kukojoa na wakafa, na mtaalamu wa mifugo alipowapasua alinionyesha vijiwe vilivyoziba njia ya mkojo. Pumba na machicha yana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na maksai, ambaye njia yake ya mkojo ni nyembamba, ndiye huumia zaidi. Aliyeniuzia mzigo ule hakuniambia lolote. Tangu hapo naongeza chokaa ya mifugo na chumvi kwenye kila mchanganyiko, na maji hayakosekani zizini mchana wala usiku.

Sheria ya kusimamia malisho na vyakula vya mifugo tunayo tangu mwaka 2010. Ninachoomba ni kwamba usimamizi huo uyafikie pia malori ya machicha na magunia ya pumba, na kila risiti ioneshe kiasi cha maji na cha protini, ili mfugaji ajue analipia nini. Wakati tunasubiri, maji tunaweza kuyapima wenyewe: pima kilo moja ya machicha, yatandaze juani kwenye bati safi, yageuze hadi uzito usipungue tena, kisha yapime upya. Mimi hufanya hivyo kwa mzigo wa kwanza wa kila muuzaji, kabla hatujapatana bei.

Mnenepeshaji wa ng'ombe,
Shinyanga